Doa Lisilohama

Picha ya jua ilikuwa mezani kwa Inspekta Aneth tangu mwanzo wa wiki, na kila alipoitazama alijisikia kuchoka upya.

Lilikuwa duara la rangi ya chungwa lililojaza karatasi karibu yote. Ndani yake mlikuwa na madoa meusi: kundi kubwa katikati, kundi jingine dogo upande wa juu, na vidoa vya hapa na pale kama uchafu wa nzi kwenye kioo. Aliyeileta ni Abdulkadiri, fundi wa umeme wa jua mwenye duka Misugusugu. Aliichapisha vizuri, akaitia kwenye bahasha, akaja nayo kituoni Kibaha kabla hata hajaitwa mara ya pili.

"Afande, asubuhi ile nilikuwa juu ya paa la nyumba yangu na darubini," alisema siku hiyo, akiwa ameketi sawasawa, mikono magotini. "Napiga picha za jua kila siku, mtaa mzima wanajua. Haya madoa yanahama. Jua linajizungusha nayo yanakwenda nalo. Jinsi yalivyokaa Jumamosi, Ijumaa hayakukaa hivyo, wala Jumapili. Mpe mtu yeyote anayejua mambo haya, atakwambia hii ni ya Jumamosi."

Na Jumamosi ndiyo siku aliyouawa Mzee Kondo.

Mzee Kondo alikuwa mkulima wa Dutumi. Asubuhi hiyo alipakia mihogo kwenye baiskeli aipeleke Mlandizi, mvua ikiwa bado inanyesha. Gari lilimgonga kwa nyuma kwenye barabara ya udongo. Dereva alisimama, akashuka, akamkokota mzee hadi ndani ya shamba, akaitupa baiskeli hukohuko, akaondoka. Wanawake waliokwenda kuchuma kisamvu ndio waliomkuta alasiri, keshakufa. Daktari aliyeupima mwili aliandika kwamba mzee hakufa papo hapo. Mguu ulivunjika na damu ilivujia ndani, lakini aliishi saa kadhaa. Kwenye tope palikuwa na mburuzo wa pili, mwembamba, unaoelekea barabarani. Alijaribu kutambaa.

Dereva aliacha vipande vya kioo cha taa na rangi ya kijivu iliyoganda kwenye fremu ya baiskeli. Gari la Abdulkadiri lilikuwa la kijivu, na taa moja ya mbele ilikuwa mpya. Yeye alisema aligonga mbuzi Ijumaa jioni. Fundi wa gereji ya Mlandizi aliyeibadilisha taa hiyo hakuwa na msaada.

"Ijumaa au Jumamosi, afande," alisema fundi huku akijifuta mikono kwa tambara. "Siku zile za mvua zote zinafanana."

Kabla ya Abdulkadiri walikuwa wamepoteza siku nzima na Ally, msimamizi wa kiwanda kimoja cha Zegereni, kwa sababu naye alikuwa na gari la kijivu na taa iliyopasuka. Ally alikuwa zamu asubuhi hiyo, na wafanyakazi wote walimwona. Taa aliipasua mwenyewe akirudi nyuma kwenye nguzo ya geti. Maombi ya kumbukumbu za simu ya Abdulkadiri nayo yalikuwa hayajajibiwa.

Shahidi waliyebaki naye ni Juliana, mama anayekaanga mihogo pale barabara ya Dutumi inapoikuta lami. Maelezo yake Aneth alikuwa ameyasoma hadi ameyakariri.

"Mvua ilikatika, jua likatoka, nikaanua turubai," Juliana alisema. "Ndipo likapita gari dogo la kijivu, mbio, likanirushia tope kwenye karai. Sijamaliza kulitukana, mawingu yakafunga tena. Jua halikutoka tena siku ile mpaka magharibi."

Hapo ndipo picha ilipomharibia kazi Aneth. Jumamosi ile jua lilichungulia mara moja tu, muda wa mtu kunywa chai. Aliyelipiga picha siku hiyo alilipiga wakati huohuo, na wakati huohuo ndipo gari la kijivu lilipopita kwa Juliana. Kutoka kwa Juliana hadi paa la Misugusugu ni mbali. Mtu mmoja hawezi kuwa kote kuwili.

"Afande, labda tumwachie tu," alisema Koplo Hussen, ambaye alikuwa naye kwenye kesi hii tangu siku ya kwanza na ambaye macho yake yalikuwa mekundu kama ya Aneth. "Jirani yake anasema alimsikia juu ya paa."

"Jirani yake anamsikia juu ya paa kila siku. Nilimuuliza mvua ya Jumamosi ilikatika saa ngapi, hajui kama ilikatika." Aneth aliirudisha picha kwenye bahasha. "Ametuambia tumpe mtu anayejua. Nani mwingine anayepiga jua huku kwetu?"

Hussen alifungua simu yake. Abdulkadiri alikuwa amewaonyesha kundi la WhatsApp la wapenzi wa jua, watu wachache waliotawanyika nchi nzima, kila mmoja akiweka picha yake ya siku. Wengi walikuwa mbali. Wa karibu alikuwa mmoja.

"Mwalimu Mwanaamina," alisoma Hussen. "Kisarawe."

*

Walikata kupitia Kiluvya. Barabara ilikuwa imeharibiwa na mvua na Hussen aliendesha akikwepa mashimo. Walipofika Kisarawe mjini jua lilikuwa limepanda, na hewa ya kule juu kilimani ilikuwa nyepesi kidogo kuliko ya Kibaha.

Nyumba ya Mwalimu Mwanaamina ilikuwa ya zamani, yenye baraza pana. Pembeni mwa baraza, juu ya stendi ya miguu mitatu, palikuwa na kitu kirefu kilichofunikwa kanga. Mwenyewe alitoka akiwa na mtandio kichwani na miwani inayoning'inia kifuani kwa uzi. Alikuwa mwalimu wa jiografia miaka mingi kabla ya kustaafu, na bado aliwatazama wageni kama wamechelewa kuingia darasani.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Aneth.

"Marahaba, mwanangu. Polisi wamekuja kwangu kufanya nini?"

"Tuna picha moja tunataka utusaidie kuisoma. Samahani, siwezi kukueleza zaidi kwa sasa."

Aliwakaribisha ndani na kuwaletea maji ya kunywa kabla hajaketi. Aneth alimpa picha. Mwalimu alivaa miwani, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Kwanza macho yake yalikwenda kwenye kona ya chini ya picha, yakakaa hapo kidogo. Kisha yakapanda kwenye madoa.

"Unataka kujua nini?" aliuliza.

"Ni ya siku gani?"

"Ya Jumamosi iliyopita."

"Una uhakika?"

Badala ya kujibu aliinuka, akawapeleka chumba cha nyuma. Ukuta mmoja wote ulikuwa umebandikwa picha za jua, ndogondogo, safu juu ya safu, kila moja na tarehe chini yake.

"Mwaka huu jua lina madoa mengi, ni zamu yake," alisema. Sauti yake ilichangamka, ya mtu anayefundisha kitu anachokipenda. "Angalieni hili kundi kubwa. Hapa linaanza kuchungulia ukingoni. Siku ya pili limeingia ndani. Ya tatu, limesogea. Mpaka Jumamosi liko katikati, na hiki kikundi cha juu Ijumaa kilikuwa hakijazaliwa, kimetokea usiku wa kuamkia siku hiyo. Jumapili hiki cha juu kimekwisha kukatika vipande. Mimi sikisii. Jua la picha yenu ni la Jumamosi."

"Mtu hawezi kupiga Ijumaa akasema ni ya Jumamosi?"

"Kwa asiyejua, anaweza. Kwangu hawezi."

Hussen aliifunga kalamu yake. Aneth alisikia miguu ikimuuma kuanzia nyayo hadi magotini. Wangerudi Kibaha. Wangeandika kwamba maelezo ya mshukiwa yamethibitishwa. Binti wa marehemu, Biasha, angekuja tena kituoni kuuliza, na yeye angemwambia uchunguzi unaendelea.

Hakugeuka mara moja. Alibaki amesimama mbele ya ukuta, kwa sababu kama angeketi angetakiwa kuinuka tena. Alizitazama picha safu kwa safu jinsi mwalimu alivyozionyesha. Makundi yaliingia upande mmoja, yakavuka, yakatokea upande wa pili. Mengine yalikufa njiani. Mengine yalizaliwa. Lakini chini, karibu na kona ya kushoto ya kila picha, palikuwa na kidoa cha kijivu chenye umbo la pete, kidogo kama punje ya ulezi. Katika picha ya juu kabisa kilikuwepo. Katika ya chini kabisa kilikuwepo, mahali palepale.

"Mwalimu," alisema, "na hili mbona halihami?"

Mwalimu Mwanaamina alirekebisha miwani yake.

"Hilo si la jua," alisema. "Ni vumbi. Limeingia ndani ya kamera yangu. Nimepuliza, nimepeleka mpaka Kariakoo kwa mafundi, limegoma kutoka. Nimelizoea."

Aneth alinyoosha mkono. Hussen akampa picha ya Abdulkadiri. Aliiweka ukutani, kando ya picha ya Jumamosi ya mwalimu. Picha mbili hazikuwa sawasawa, katika moja jua lilikuwa limesogea kidogo kushoto. Lakini chini, karibu na kona, pete ya kijivu ilikuwepo kwa zote mbili.

"Hii umeipiga wewe," alisema Aneth.

"Uliniuliza ni ya siku gani, mwanangu. Hukuniuliza ni ya nani."

"Uliliona doa mara tu nilipokupa."

"Niliona." Mwalimu alivua miwani, ikaning'inia tena kifuani. "Nikasema moyoni, kama hawaulizi, mimi ni nani nimtie mtoto wa watu matatani kwa kitu kidogo kama hiki."

Alikaa kitandani. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja na kiti kimoja. Hussen alimsukumia Aneth kiti.

Abdulkadiri alikuwa mwanafunzi wake zamani, aliwaeleza. Mume wake alipofariki, watoto wakarudi makwao, nyumba ikawa kubwa. Ndipo Abdulkadiri alipokuja na darubini aliyoiunga mwenyewe, akaiweka barazani, akamfundisha kufunga kichujio mbele yake ili mwanga usimpofushe. Kamera alimnunulia ya aina ileile kama yake, kwenye duka lilelile.

"Kila asubuhi ananipigia," alisema. "'Mwalimu, huko kwenu kumetakata?' Wanangu wa kuzaa hawanipigii kila siku."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi alinipigia mchana. Akasema kwao mawingu hayakufunguka kabisa, ameikosa siku. Nilimhurumia. Tangu aanze hajawahi kuruka siku, hata alipolazwa na malaria alitoka nje ya wodi kupiga. Mimi nilikuwa nimepiga nyingi lilipochungulia. Moja nikaiweka kwenye kundi, nyingine nikampa. Akaniomba niufute ujumbe kwenye simu, wenzetu wasije wakajua wakamcheka. Nikafuta." Alimtazama Aneth. "Sasa niambie amefanya nini."

Kwa kawaida Aneth asingesema. Shahidi hupewa kiasi anachohitaji, basi. Lakini aliwaza jinsi mama huyu angekuja kuisikia habari hiyo redioni au sokoni, akamweleza: baiskeli, shamba, wanawake wa kisamvu, alichoandika daktari.

"Aliishi saa kadhaa?" aliuliza mwalimu.

"Ndiyo."

"Na yeye muda ule alikuwa ananiomba picha."

Nje mtu alikuwa akifagia uwanja, ufagio ukikwaruza, ukinyamaza, ukikwaruza tena.

Mwalimu Mwanaamina aliinuka, akatoka barazani, akaifunua kanga. Aliichomoa kamera kwenye darubini taratibu, akaja kuiweka mbele yao.

"Kadi imo ndani. Picha zote za Jumamosi zimo, na hiyo niliyompa imo."

Hussen aliandika maelezo yake. Alipomaliza, mwalimu aliyasoma kutoka mwanzo, akasahihisha maneno mawili kwa kalamu yake mwenyewe, ndipo akasaini. Aliwasindikiza hadi kwenye gari, na hapo akamshika Aneth mkono.

"Kesho asubuhi akinipigia nimjibu nini?"

"Usipokee, mama."

"Hajawahi kunipigia nisipokee," alisema, akauachia mkono.

*

Kesho yake mbingu zilikuwa safi. Walipofika Misugusugu, mke wa Abdulkadiri aliwaelekeza ngazi za nyuma. Walimkuta juu ya paa la zege, amevaa kofia ya kanzu, jicho kwenye kamera.

"Karibuni, afande. Mmekuja siku nzuri," alisema. "Hussen, njoo utazame. Usiogope, kichujio kipo. Bila kichujio ndiyo jicho linakwenda."

Hussen alitazama. Aneth alisimama kwenye kivuli cha tangi la maji.

"Mwalimu wangu wa Kisarawe leo hapokei simu," Abdulkadiri aliendelea, akirekebisha skrubu. "Sijui kaamkaje. Mmeshaonana naye?"

"Tuonyeshe unavyopiga," alisema Aneth. "Piga kadhaa."

Alipiga kwa furaha. Alieleza jinsi asubuhi hewa inavyotulia kabla ardhi haijapata moto, jinsi anavyosubiri jua liache kutetemeka ndipo abonyeze. Aliwaonyesha kundi jipya lililokuwa likijitokeza ukingoni, akisema kwamba kila moja ya madoa hayo lingeweza kuimeza dunia nzima. Mikono yake ilikuwa ya fundi hodari, haikubabaika. Alipomaliza, Aneth aliomba kamera, akazipitia picha kwenye kioo chake, moja baada ya moja, akizikuza. Kisha akatoa picha ya kwenye bahasha na kuiweka juu ya ukingo wa paa.

"Hapa chini, hii pete. Ni nini?"

Abdulkadiri aliinama. "Vumbi tu. Linaingia kwenye kamera."

"Kwenye picha za leo halipo."

"Nimesafisha."

"Lini?"

"Jumapili."

Hussen alimwonyesha simu. Zilikuwa picha za Abdulkadiri mwenyewe kwenye kundi la WhatsApp, za Ijumaa, za Alhamisi, za wiki iliyotangulia.

"Ijumaa halipo," alisema Aneth. "Alhamisi halipo. Vumbi liliingia Jumamosi asubuhi, Jumapili likatoka?"

"Inatokea, afande. Wewe hujui kamera."

"Sijui. Ndiyo maana nauliza." Aliufungua mkoba wake na kutoa kamera iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Ilikuwa ya aina ileile, mkanda wake umeshonewa kitenge cha bluu. "Hii unaifahamu?"

Abdulkadiri hakuigusa. Aliitazama kamera, kisha ngazi, kisha chini.

"Yeye ndiye aliyeniomba picha," alisema kwa sauti ndogo. "Nilimtumia mimi. Mama yule anasahau."

"Basi vumbi lingekuwa limo kwenye kamera yako. Limo kwenye yake, kwenye kila picha aliyopiga tangu mwaka jana. Tumeipata na picha yenyewe kwenye kadi, pamoja na alizopiga kabla yake na baada yake."

Chini mtaani muuza maji alipita akigonga madumu. Abdulkadiri alikaa juu ya tofali, palepale karibu na miguu ya darubini.

"Mwalimu kanisema?"

"Niliona mwenyewe kwanza. Kisha akasema."

Alitikisa kichwa, kama mtu anayekubali bei. Hussen alifungua daftari, na Aneth akamsomea haki zake: kwamba halazimiki kusema, na atakalosema litaandikwa. Alisema amesikia.

"Nililala Dutumi Ijumaa, nilikuwa nafunga pampu ya mtu. Asubuhi mvua. Nikasema leo siku imekwenda. Nikiwa njiani, mbele yangu mawingu yakaanza kufunguka, nikaona nikikaza mwendo naweza kuwahi japo picha moja." Alionyesha angani kwa kidevu. "Nilikuwa natazama juu, afande. Sikumwona mpaka alipokuwa kwenye kioo."

"Ukashuka."

"Nikashuka. Nikamtoa barabarani, lisije gari jingine likamkanyaga."

"Ndani kabisa ya shamba? Na baiskeli yake pia?"

Abdulkadiri aliitazama mikono yake.

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

"Alisema kitu?"

Abdulkadiri alivua kofia, akaikunjakunja. "Alisema, 'Mwanangu, usiniache hapa.'"

"Nawe ukasemaje?"

"Nikamwambia naenda kuita watu." Aliikunjua kofia. "Na nilikuwa naenda kweli. Nikasema nikifika kwenye lami naita. Kwenye lami palikuwa na yule mama wa mihogo, nikaona aibu kusimama. Nikasema nitapiga simu nikifika mbele. Nilipofika mbele nikasema nikifika nyumbani. Nyumbani nikakuta wageni. Mchana nikasema sasa watakuwa wamekwisha kumwona."

"Mchana ukampigia Mwalimu."

"Mchana nikampigia Mwalimu."

Hussen aliandika hadi mwisho wa ukurasa. Aneth alimwambia Abdulkadiri asimame. Yeye aliomba afunge mfuniko wa darubini, Aneth akamruhusu, naye akaufunga kwa uangalifu, akaukaza, ndipo akatoa mikono. Mkewe alikuwa chini ya ngazi na sufuria mkononi. Alipoona pingu alisogea ukutani wapite.

*

Maelezo yalichukua mchana mzima. Hussen alisema wangeweza kumpigia simu binti wa marehemu, au wamngoje aje mwenyewe. Aneth alisema wakamwambie kwake, akapanda gari.

Biasha alikuwa uani Dutumi akimenya mihogo pamoja na shangazi yake, Hajra. Biasha alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini. Tangu Jumamosi ile alikuwa amefika kituoni mara nyingi kiasi kwamba askari wa kaunta walimjua kwa jina. Aliwaona wakija, akaweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye kanga.

Aneth alimweleza akiwa amesimama. Alimtaja mtu, akasema amekamatwa na amekiri, atapelekwa mahakamani. Hajra alianza kulia kimyakimya. Biasha hakulia.

"Baba alizungumza naye?" aliuliza.

Mambo hayo yangeweza kungoja hakimu. Aneth alimtazama Hussen, Hussen akatazama kuku.

"Alimwomba asimwache. Yule mtu akamwambia anakwenda kuita watu."

Biasha aligeuka, akatazama kule barabara ilikokuwa, kupita mgomba wa mwisho na kichaka cha mikorosho. Ukisimama pale uani ulikuwa ukiiona njia yenyewe na mahali majani ya mihogo yalipokuwa yamelala.

"Watu ni sisi," alisema. "Nyumba ya kwanza ni hii. Siku ile hatukwenda shamba kwa ajili ya mvua, tulikuwa ndani wote. Kaka yangu alikuwepo, ana pikipiki. Mvua iliporudi, kwenye bati hatusikii kitu, hata baba angeita vipi." Alilishika pindo la kanga yake. "Angepita hapa akapiga honi tu, afande. Asishuke, asiseme jina lake. Apige honi, aende zake."

Aneth alisimama pale uani, faili chini ya kwapa, mpaka Hajra alipojifuta macho na kumsogezea kigoda.

"Kaa, mwanangu," alisema Hajra. "Umechoka."

Aneth akakaa.